Picha za databesi ya zamani zikipotea, soma anwani kwanza kabla hujagusa kitu

Siku za mbalamwezi Kirumba hapa Mwanza kunajaa watu, maana mwezi ukiwa mkali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa inakosa nguvu ya kuvuta dagaa, kwa hiyo ndo muda wa kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kufungua mainjini, na ndo muda maduka ya vipuri vya injini za boti yanapouza. Kuna duka moja huko (jina naliacha) linatumia databesi ya Microsoft Access iliyotengenezwa 2005, kila kipuri kina namba, bei na picha, na picha ndo roho ya kazi yao kwa sababu mteja aliyetoka kisiwani hajui namba ya kipuri, anajua sura tu, anakuja anasema nataka kile kidude cha mviringo kinachokaa nyuma ya propela, muuzaji anafungua fomu anashuka na picha mpaka mteja anasema hicho hicho. Siku walivyoniita kompyuta yao ya zamani ilikuwa imekufa, wamenunua nyingine, faili la databesi wamelikopi kwenda mashine mpya na linafunguka vizuri tu, bei zipo, namba zipo, ila kila sehemu ya picha kuna kiboksi cheupe.

Nilimkuta kijana wa duka ameshaanza kupanga vipuri mezani anavipiga picha upya na simu, kimoja baada ya kingine, na vipo 1,312. Mama mwenye duka akaniambia mwanangu, picha zote zimefutika. Nikamwambia hapana mama, naomba asimamishe kwanza hiyo kazi, tuangalie databesi yako inatunza nini hasa.

Hapo ndo penye fundo lote la hii mada na ndo maana nimeamua kuandika kwa urefu. Watu wengi wanaamini picha wanayoiona kwenye fomu ipo ndani ya databesi. Mara nyingi haipo. Kilichomo ndani ni maandishi tu, mstari mmoja unaosema picha ya kipuri hiki iko folda fulani kwenye draivu fulani, na kila unapofungua rikodi, Access inausoma huo mstari, inakwenda huko, inaichukua picha, inakuonyesha. Wewe ukilikopi faili la databesi peke yake umebeba anwani, nyumba zenyewe umeziacha.

Chukulia namna tunavyoelekezana hapa Mwanza. Mtu anakwambia shuka Buzuruga, fuata njia ya vumbi mpaka kwenye mwembe mkubwa, nyumba ya tatu kushoto. Mwembe ukikatwa, nyumba bado ipo na watu wanaishi humo, ila wewe mgeni hufiki. Au mtu alikuandikia miaka ya nyuma kwamba ukienda Sengerema lazima upange foleni ya kivuko pale Kigongo, leo watu wanapita juu ya daraja lililofunguliwa 2025, Sengerema haijahama hata hatua moja, maelezo ndo yamepitwa. Linki ya picha iliyovunjika ni hivyo hivyo.

Sasa kabla ya chochote, jua databesi yako iko kundi gani. Fungua tebo kwenye muonekano wa kuhariri umbo lake (Design View), angalia safu ya picha imeandikwa aina gani. Ikiwa Text (Access mpya inaandika Short Text) au Hyperlink, hizo ni anwani. Ikiwa OLE Object, picha huwa imeingizwa ndani kabisa (inawezekana pia kuwa imeunganishwa tu lakini sikutani nayo sana). Ikiwa Attachment, picha imo ndani pia, na hiyo utaiona tu kwenye mafaili yenye mkia (zile herufi za mwisho wa jina la faili) wa accdb yaliyoanza na Access 2007, mdb ya zamani haina kitu hicho. Kuna njia nyingine ya haraka ya kuhisi jibu bila hata kufungua, angalia uzito wa faili. Faili la Access haliruhusiwi kupita GB 2, na lile la duka lilikuwa na MB 9 tu kwa vipuri 1,312, hakuna namna picha zote hizo zingeenea humo. Nikajua papo hapo kwamba picha ziko nje, na kama ziko nje basi ziko kwenye hadidiski ya mashine iliyokufa, na mashine ile ilikufa sapulai ya umeme tu. Diski nikaitoa, nikaichomeka kwa kebo ya kubadilisha kwenda USB, folda ya Picha ikafunguka, picha zimejaa. Mama alikaa chini.

Ila kuzikopi picha peke yake hakutoshi, hapo ndo wengi wanakwama, wanazileta picha kwenye mashine mpya, wanafungua fomu, bado nyeupe, wanakata tamaa. Anwani bado inaelekeza kule kwa zamani.

Kwa hiyo soma anwani kwa macho yako. Ikiwa safu ni ya Hyperlink, unachokiona kwenye kioo kinaweza kisiwe anwani yenyewe, kwa sababu aina hii inatunza vipande kadhaa vilivyotenganishwa na alama ya #, cha kwanza ni maneno ya kuonyesha, cha pili ndo anwani ya kweli, cha tatu ni sehemu ndani ya faili. Unaweza ukaona neno "plagi" limepigiwa mstari kwa rangi ya bluu kumbe nyuma yake kuna njia ndefu ajabu. Sogea mpaka kwenye kisanduku hicho kwa vitufe vya mishale halafu bonyeza F2, vyote vinajitokeza. Usikibofye kwa mausi, ukibofya inajaribu kukupeleka huko.

Ya kwanza niliyoisoma ilikuwa hii:

C:\Documents and Settings\Duka\My Documents\Picha\plagi.jpg

Hiyo ni anwani ya enzi za Windows XP. Kuanzia Windows Vista mafaili ya mtumiaji yalihamia C:\Users, na ingawa Windows mpya imeacha njia ya mkato iliyofichwa kwa ajili ya programu za zamani, ile inasaidia tu kama jina la mtumiaji ni lile lile na folda zimekaa vile vile, na kwenye mashine mpya jina la mtumiaji halikuwa Duka tena. Nikashuka rikodi chache nikakutana na inayoanza na Z:, mbele kidogo E:. Kwa hiyo haikuwa njia moja iliyokufa, zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na historia yake. Z: iliandikwa na kompyuta ya pili ya dukani, ile iliyokuwa inasoma folda ya kompyuta kubwa kupitia netiweki, fundi wa kwanza aliipa hiyo folda herufi Z. Herufi ya namna hiyo ni makubaliano ya mashine moja na mtumiaji mmoja, akiingia mtumiaji mwingine Z hakuna, au Z ni kitu kingine kabisa. E: ilikuwa fleshi. Wana tawi Nansio kule Ukerewe na kijana wa kule alikuwa anapiga picha vipuri, anaziweka kwenye fleshi, fleshi inavuka na meli, hapa mtu anachomeka na kuunganisha picha moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kukopi. Siku anaunganisha picha inaonekana, kila mtu anafurahi. Fleshi ikichomolewa picha imekwenda, na ikirudishwa siku Windows ikiipa herufi F badala ya E bado haionekani hata kama picha imo.

Namna ya kujua njia inakatikia wapi ni rahisi na naipenda sana kwa sababu haihitaji programu yoyote. Kopi anwani moja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, pesti, enta. Picha ikifunguka, anwani ni nzima na ugonjwa uko kwenye fomu. Isipofunguka, futa jina la faili ubaki na folda, jaribu tena. Bado? Futa folda ya mwisho. Endelea kukata mkia hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kitu kifunguke, na pale panapofunguka, kile kipande ulichokikata mwisho ndo kilichokufa. Kwa Z: utakata mpaka ubaki na Z: yenyewe na haifunguki, basi ujue shida si faili wala folda, ni draivu haipo.

Rikodi moja moja utaangalia ngapi lakini. Zikiwa nyingi tengeneza kwiri (swali unaloiuliza databesi) inayochukua herufi 3 za mwanzo za kila anwani na kuhesabu, kwa safu ya Hyperlink unaandika Left(HyperlinkPart([Picha],2),3), ile 2 inamaanisha nipe anwani sio maneno ya kuonyesha, halafu unapanga kwa makundi. Kwetu ilitoka C:\ rikodi 941, Z:\ rikodi 268, E:\ rikodi 61, na 42 zilizobaki zilikuwa na vituko mbalimbali. Hesabu kama hiyo inakutoa kwenye "picha zote zimeharibika" inakuleta kwenye matatizo matatu yenye majina, na nyongeza ndogo.

Halafu weka kifaa cha kukagua kila anwani kama mwisho wake kuna faili kweli, mistari michache tu kwenye moduli (sehemu ya Access ya kuandikia programu):

Function IpoPicha(njia As Variant) As Boolean
    On Error Resume Next
    If Len(njia & "") > 0 Then IpoPicha = (Len(Dir(CStr(njia))) > 0)
End Function

Ule mstari wa On Error usiutoe, kwa sababu Dir, ile amri inayotafuta faili, ikikutana na draivu au seva ambayo haipo inatupa kosa na kwiri yako itajaa #Error badala ya jibu la ndiyo au hapana.

Kabla ya kurekebisha chochote, bakapu. Nasema hivi kwa uzito, nimeshaona databesi ya miaka kumi ikiharibiwa na mtu aliyekuwa anajaribu kusaidia. Hakikisha watu wote wametoka, na utajua kwa kuangalia kama pembeni ya faili la mdb kuna faili lenye jina lile lile na mkia wa ldb, hilo likiwepo kwa kawaida kuna mtu bado yumo ndani. Wakishatoka kopi faili zima, weka sehemu nyingine, fanya majaribio kwenye kopi.

Marekebisho yenyewe ni kwiri ya kubadilisha maandishi. Picha nilishaziweka D:\Duka\Picha, kwa hiyo nikaiambia ile safu, popote penye C:\Documents and Settings\Duka\My Documents\Picha\ weka D:\Duka\Picha\ kwa kutumia Replace, nikaweka na sharti kwamba iguse tu rikodi zenye maneno Documents and Settings, maana Replace ikikutana na kisanduku kitupu inalalamika. Rikodi 941 zikapona kwa pigo moja. Z: vile vile, kwa sababu ilikuwa folda ile ile imeitwa jina jingine. Mtego mmoja uangalie hapa: ukitaka kutafuta alama ya # kwa kutumia Like, Access inaielewa # kama "tarakimu yoyote", kwa hiyo andika [#] ndani ya mabano ya mraba, la sivyo utaletewa rikodi usizozitaka.

Na hiyo # ilinigharimu muda kwenye zile 42. Kuna mtu alikuwa anaziita picha kwa mtindo wa "gasket #2.jpg". Kwenye safu ya Hyperlink # ndo ukuta kati ya vipande, kwa hiyo anwani inakatwa pale pale inabaki "gasket " na kilichobaki kinahesabiwa kipande kingine. Hapo hakuna ujanja, badilisha jina la faili lenyewe utoe #, halafu urekebishe anwani. Nyingine zilikuwa na mkia mara mbili. Windows kwa kawaida inaficha mikia ya mafaili inayoyajua, mtu anaona "plagi", anadhani haina mkia, anaandika plagi.jpg, kumbe faili sasa linaitwa plagi.jpg.jpg na databesi inatafuta plagi.jpg. Washa kwanza kuonyesha mikia kwenye mipangilio ya folda, utashangaa unachokiona. Nyingine zilikuwa picha za simu zenye mkia wa heic au webp, Access ya zamani haizifungui hizo hata anwani iwe sahihi kiasi gani, zigeuze kuwa jpg.

Nikamaliza, nikafungua fomu kwenye mashine mpya, na bado kiboksi cheupe! Kwenye kopi ya majaribio, ambako nilishakubali mistari ya programu ikimbie, kwiri ilisema IpoPicha ni kweli kwa rikodi zaidi ya 1,200, ila kwenye faili la dukani fomu haionyeshi hata moja. Hii ningependa kila fundi aikumbuke. Kwenye Access 2003 kurudi nyuma kile kisanduku cha picha hakiwezi kufungwa moja kwa moja kwenye safu, lazima kuwe na mistari ya programu inayokimbia kila ukihama rikodi na kukiambia onyesha picha hii. Kuanzia Access 2007, faili likifunguliwa kutoka folda ambayo haijaandikishwa kuwa ya kuaminika, Access inazima mistari yote hiyo mpaka ukubali, na inatoa onyo la utepe wa njano tu juu. Kijana wa duka alikuwa anaufunga ule utepe kila asubuhi akidhani ni tangazo. Tukaiongeza D:\Duka kwenye orodha ya maeneo ya kuaminika, tukafunga tukafungua, picha hizo.

Wale ambao safu yao ni OLE Object wana hadithi tofauti na inaumiza kidogo. Zamani ukiingiza jpg humo, Access iliita programu nyingine ya picha iliyopo kwenye mashine ili iitunze na kuionyesha, na mara nyingi ilikuwa Microsoft Photo Editor iliyokuja na Office 97 mpaka Office XP. Office 2003 ikaitoa, ikaleta Picture Manager ambayo haifanyi ile kazi. Basi mashine mpya ikifika, fomu inaonyesha ikoni yenye neno Package mahali pa picha mpya, na ukibofya za zamani inakwambia haioni programu ya kuzifungulia. Mtindo huo pia ulikuwa unabeba nakala ya pili ya picha isiyobanwa kwa ajili ya kuonyesha, ndo maana jpg ndogo ilivimbisha databesi kwa MB kadhaa. Picha zilizoingia kama Package zimo ndani nzima, zimefungwa tu kwenye gamba, na zinatoka kwa programu ndogo inayotafuta mwanzo wa jpg, ambao siku zote ni baiti FF D8 FF, na mwisho wake FF D9, ikikata hapo katikati na kuandika faili nje. Usizifute hata kama unaziona ni ikoni tupu.

Turudi dukani. Sikutaka waniite tena siku wakibadilisha kompyuta, kwa hiyo nilichofanya mwisho ni kuitoa njia ndefu kwenye kila rikodi, nikaweka safu mpya ya maandishi ya kawaida yenye jina la faili tu, plagi.jpg basi, na folda nikaiandika sehemu moja, kwenye tebo ya mipangilio yenye rikodi moja. Fomu inaunganisha vile viwili wakati wa kuonyesha. Mkihamia draivu nyingine mnabadilisha mstari mmoja. Ukitaka hata huo mstari usiuguse, weka folda ya Picha pembeni ya databesi na utumie CurrentProject.Path, ambayo inamaanisha "folda nilipo mimi databesi", ni sawa na kumwelekeza mtu kuanzia pale alipo badala ya kuanzia stendi ya Nyegezi, kwa hiyo ukiihamisha folda nzima hakuna kinachovunjika. Kwa kompyuta ya pili nikaachana na Z, nikaandika jina kamili la mashine, \\DUKA-KUBWA\Picha, ambalo halitegemei herufi ya mtu. Jina hilo nalo lina masharti, mashine isibadilishwe jina. Na msitumie namba ya IP (namba ya mashine kwenye netiweki), rauta nyingi zikizima na kuwaka zinagawa namba upya, na umeme wetu mnaujua.

Kama una kisanduku cha kuhifadhia mafaili cha zamani au mashine ya XP iliyobaki inagawa folda, jua pia kwamba Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017 inakuja bila SMB1, ile lugha ya zamani ya kugawana mafaili, au inaiondoa yenyewe isipotumika. Folda iliyokuwa inaonekana jana, leo mashine mpya haiioni kabisa na anwani yako haina kosa lolote. Dawa ni kuzihamishia picha kwenye mashine mpya, kuirudisha SMB1 sikushauri, ndo mlango ambao kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipitia.

Zikabaki zile 61 za fleshi. Tukapiga simu Nansio, kijana akaikuta kwenye droo ya kaunta, akaikabidhi kwa mtu anayepanda meli, kesho yake mchana ikafika. Zilikuwemo 38. Nikaendesha IpoPicha mara ya mwisho, nikachapa orodha ya zilizosema hapana, 23, karatasi moja tu haikujaa, nikampa kijana wa duka. Alichukua simu yake akaanza na ya juu.